Namna ya kuziskiliza albamu mpya za hevi metali mpaka zikuingie

Swali ninaloulizwa na washkaji kila nikiweka metali kwenye spika ni lile lile, "we unaskia nini humo?", na mara nyingi anayeuliza hana nia mbaya, anataka kujua kweli, ila ameskiliza dakika moja na nusu ya wimbo wa katikati ya albamu, kwenye spika ya simu, huku anachati, afu akakutana na jamaa ananguruma akaona basi hii sio ya kwangu. Namuandikia mtu huyo. Na wewe pia uliyeskia kwamba miaka hii miwili mitatu kuna mizigo mikali imetoka na hujui uingilie wapi, maana kweli imetoka, 2024 na 2025 imekuwa miaka mizuri sana kwa huu muziki, wazee wametoa, vijana wametoa, na Afrika nayo imetoa.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla ya vyote: usianze na sauti. Karibu kila anayeishia njiani anaishia hapo, kwa sababu masikio yetu yanamkimbilia muimbaji, tumezoea hivyo, bongo fleva, taarabu, gospo, kote huko muimbaji ndo mwenye nyumba. Kwenye metali wenye nyumba ni gitaa na dramu, muimbaji mara nyingi ni chombo kimojawapo kati ya vyombo vingine. Ukilijua hilo tu, nusu ya kazi imeisha, kwa sababu unaacha kusubiri kitu ambacho albamu haijawahi kukuahidi na unaanza kuskia kile inachokupa.

Shuka kwenye dramu kwanza

Chukua wimbo mmoja, usibebe albamu nzima siku ya kwanza, vaa hedfoni, afu skiliza kama vile hakuna mtu anayeimba. Fuata dramu kubwa ya mguuni, ile inayogonga kifuani. Wapigaji wengi wa metali wanatumia pedali mbili, mguu wa kulia na wa kushoto yote inapiga dramu moja, ndo maana unaskia mvumo usiokatika. Ukiishika hiyo, hamia kwenye snea, ile inayolia pa! pa!, na angalia lini inakaa mahali unapotegemea na lini inahama. Bendi ya Sweden inaitwa Meshuggah imejenga jina zima kwenye huo mchezo, mkono unapiga hesabu moja na miguu inapiga hesabu nyingine, na mtu aliyekulia kwenye ngoma zetu, chakacha ya pwani kwa mfano, ambako mwili unacheza hesabu mbili kwa pamoja bila kufikiria, haimchukui muda kuielewa.

Kuna kitu kinaitwa blasti biti, yaani snea na dramu ya mguuni vinakimbizana kwa kasi ambayo sikio halihesabu tena pigo moja moja. Watu wengi hapo ndo wanatoka mbio. Ila jamani, sisi tuna singeli! Singeli inaenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika na zingine zinakaribia 300, na watoto wa uswazi wanacheza hizo kwenye vigodoro mpaka asubuhi bila kuuliza mbona inakimbia. Kasi sio tatizo letu kabisa. Na hii sio mimi nalazimisha undugu: lebo ya Kampala inayoitwa Nyege Nyege Tapes, ile iliyotoa mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso mwaka 2017 na kuipeleka singeli kwenye majukwaa ya Ulaya, ndo hiyo hiyo iliyotoa mwaka 2020 albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochanganya metali na dramu za kompyuta zinazokimbia kama zimechomwa moto. Weka Duma leo na singeli kesho yake, utaskia mwenyewe kwamba hawa watu wanaongea.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni hilo tu, dramu. Ukimaliza wimbo na mguu wako umeshatingishika hata kidogo, endelea.

Alafu gitaa

Waliokua na dansi wanajua gitaa la solo, la rizimu na la besi, wanajua jinsi solo inavyopanda juu inang'aa na rizimu inajibu. Metali inatumia magitaa hayo hayo ila imeyashusha chini na kuyapitisha kwenye distosheni mpaka sauti inakuwa nzito na ina mikwaruzo. Chanzo cha kushusha kina historia ya kusikitisha: Tony Iommi wa Black Sabbath, Birmingham, Uingereza, alikuwa kijana anafanya kazi kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa mkono wa kushoto kwa hiyo vidole hivyo ndo vya kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akatengeneza vifuniko vya vidole, na baadae akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na gitaa likashuka chini likawa zito. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 13, 1970, na karibu kila unachoskia leo kwenye huu muziki kinaanzia kwenye vile vidole. Julai 5, 2025 wakapiga shoo yao ya mwisho pale pale Birmingham, uwanja wa Villa Park, na muimbaji wao Ozzy Osbourne akafariki Julai 22, siku chache tu baada ya hapo. Ukiskiliza albamu yoyote mpya ujue kuna huyo mzee ndani yake.

Sasa unachotafuta kwenye gitaa kinaitwa rifu, kipande kifupi kinachorudiwa ambacho wimbo umesimama juu yake. Wimbo mmoja unaweza kuwa na rifu mbili au unaweza kuwa na saba, na ufundi uko kwenye jinsi moja inavyoingia kwenye nyingine. Jipime hivi, wimbo ukiisha zima kila kitu na ujaribu kuiimba rifu kwa mdomo, du-du-ga-du-ga-du, bila aibu. Ukiweza, ushaingia. Kwa zoezi hili mimi huwa nawapa watu 72 Seasons ya Metallica, ilitoka Aprili 2023, kwa sababu magitaa yake yameachwa wazi na mkono wa James Hetfield unaskika pigo kwa pigo. Ina nyimbo 12 na dakika 77, ni ndefu kuliko inavyohitaji kuwa, kwa maoni yangu wangeweza kutoa nyimbo mbili tatu na isidhurike, ila fikra yake inagusa: misimu 72 ni miaka 18 ya mwanzo ya mtu, na nyimbo zinazunguka kwenye yale unayobebeshwa utotoni na unavyohangaika nayo ukishakuwa mkubwa. Wimbo wa mwisho, Inamorata, una dakika 11, usiuache.

Sauti iwe ya mwisho

Ukishazoea dramu na gitaa ndo urudi kwa muimbaji, na utashangaa hakuudhi tena. Kunguruma sio kupiga kelele ovyo wala mtu hajiumizi kama amefundishwa vizuri, kuna mikunjo mingine ya nyama kooni juu ya nyuzi za sauti zenyewe, hiyo ndo inatetemeshwa, na pumzi inatoka tumboni kama muimba kwaya yeyote anavyofundishwa. Kuna walimu wa kazi hii na kuna mazoezi yake. Unayetaka kuona ni ufundi kiasi gani, mtafute Courtney LaPlante wa Spiritbox, bendi ya Kanada, albamu yao ya Tsunami Sea imetoka Machi 2025, huyu dada ndani ya wimbo mmoja anaimba kwa sauti laini kabisa, anageuka ananguruma, anarudi laini, na ni koo moja. Watu wa hip hop wanaweza kuwa wamemskia bila kujua, maana Spiritbox ndo waliofanya rimiksi ya wimbo wa Cobra na rapa Megan Thee Stallion.

Na soma mashairi. Hata mzungu mwenyewe haskii maneno ya deth metali, lile tawi zito la kunguruma, mara ya kwanza, wote tunasoma, kwa hiyo usijione kizungu chako kidogo. Fungua maneno pembeni, skiliza mara moja ukifuata mstari kwa mstari, na mara nyingi ndo hapo albamu inabadilika mbele yako, unakuta mtu anayenguruma anaongelea msiba wa mzazi wake, au vita, au mazingira. Gojira wa Ufaransa, wale waliopiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki Paris Julai 2024 wakiwa wamesimama kwenye madirisha ya jengo la Conciergerie, miaka yote wanaimba kuhusu nyangumi, misitu na bahari.

Chagua kwa ulikotoka

Hakuna albamu moja ya kumpa kila mtu. Mimi kabla sijamtajia mtu chochote namuuliza kwanza anaskiliza nini nyumbani, afu naanzia hapo.

Kama unapenda melodi na kiitikio ambacho unaweza kuimba na wenzio, nenda kwa Judas Priest, Invincible Shield, Machi 2024. Ni albamu yao ya 19. Muimbaji wao Rob Halford alikuwa na miaka 72 ilipotoka na bado anapanda juu kule ambako vijana wa miaka 25 hawafiki, Glenn Tipton anaishi na ugonjwa wa Parkinson na bado jina lake liko kwenye utunzi, na mpiga gitaa mwenzao Richie Faulkner mwaka 2021 mshipa mkubwa wa moyo ulimpasukia akiwa jukwaani Marekani, akamaliza wimbo, akakimbizwa kufanyiwa upasuaji, akapona. Ukiwa unajua hayo albamu inakuingia tofauti, kila solo unaiskia kama mtu anayeshukuru. Hii pia ndo ya kumpa mzazi wako kama alikuwa anapenda roki za zamani.

Ghost wa Sweden nao ni wa melodi, Skeletá ya Aprili 2025 ilifika namba moja Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, ukiipenda ABBA utaipenda hii, ni laini.

Mtu wa R&B na trapu aanze na Sleep Token, Even in Arcadia, Mei 2025, nayo ilishika namba moja Marekani. Wapo wakongwe wanaogombana kama hii ni metali au sio metali. Mimi naona huo ugomvi hausaidii mtu, kuna piano, kuna biti za trapu, kuna sauti ya mapenzi yenye maumivu, afu magitaa yanaanguka juu yake yote, na mtu aliyeingilia hapo baada ya mwezi unamkuta kwenye deth metali bila kusukumwa.

Mwenye hasira, au anayetoka kwenye gengetone na dril na anataka nguvu moja kwa moja, apewe Knocked Loose wa Kentucky, You Won't Go Before You're Supposed To, Mei 2024. Dakika 27 tu zote! Hii ni metalikoo, yaani metali iliyochanganywa na panki kali ya hadikoo, na hapa kuna kitu cha kuelewa kinaitwa brekidauni. Kwenye bolingo wimbo unaanza taratibu, mashairi, mapenzi, afu sebene inaingia na kasi inapanda na watu wanainuka. Metalikoo inafanya kinyume, wimbo unakimbia, unakimbia, afu ghafla unapunguza mwendo, gitaa linagonga moja moja zito, na hapo ndo ukumbi unalipuka. Subiri hizo sehemu, nyimbo zote zimejengwa kuelekea huko.

Na kwenye suala la hasira, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2015 waliwachukua watu 39 wapenzi wa huu muziki, wakawakasirisha kwa kuwaongelesha mambo yanayowaudhi, afu baadhi wakaachwa waskilize muziki wao na wengine wakae kimya, waliosikiliza hawakuzidi hasira, walitulia kama wale waliokaa kimya na wakajiskia wana nguvu na moyo zaidi. Ni watu wachache na tayari walikuwa mashabiki kwa hiyo usiende kumtibia mtu nayo, ila inaendana na kile mimi na wengi tunachokipata humu: unaingia umejaa, unatoka mwepesi.

Wapenzi wa taarabu, hii ni yenu

Kuna kundi moja ambalo watu hawalitegemei kabisa na mimi naliamini sana, waliokulia kwenye taarabu. Nyie mmezoea wimbo wa dakika 10, 15, mmezoea kusubiri vinanda vimalize ndo mtu aanze, mmezoea fumbo linalofunguka taratibu ubeti kwa ubeti. Albamu mbili za mwaka 2024 ni kama zimeandikwa kwa masikio hayo.

Ya kwanza ni Opeth, The Last Will and Testament, Novemba 2024. Hawa ni Waswidi, na kiongozi wao Mikael Åkerfeldt alikuwa hajanguruma kwenye albamu tangu Watershed ya 2008, miaka 16, mashabiki walishakata tamaa, na hapa karudi nayo. Ila kilichonikamata mimi zaidi ni hadithi. Ni mirathi! Mzee tajiri, mkali, amefariki, ni miaka baada ya vita ya kwanza ya dunia, watoto wanaitwa wasomewe wosia, kuna mapacha wake na kuna msichana mwenye polio aliyelelewa humo ndani na watu wanajiuliza kwa nini alikuwa anapendelewa, na kila wimbo ni kifungu cha wosia, hazina majina, zina alama ya kifungu na namba kuanzia moja hadi saba. Mzee anafungua siri za damu, nani wake na nani sio wake, akiwa kaburini na hakuna anayeweza kumjibu. Niambie ni familia gani ya kwetu haijawahi kukaa kwenye kikao cha aina hiyo. Wimbo wa nane ndo pekee wenye jina, A Story Never Told, na unapindua kila ulichokijua, sikuambii. Kuna Ian Anderson wa Jethro Tull anasimulia na kupiga filimbi yake, kuna vinanda vya nyuzi, na kunguruma kumewekwa pale ambapo mzee anatoa hukumu, yaani sauti inafanya kazi ya mhusika. Hii usiiweke ukiwa unafanya usafi. Kaa chini, fungua maneno, ianzie mwanzo mpaka mwisho kama unavyoangalia filamu.

Ya pili ni Blood Incantation wa Denver, Marekani, Absolute Elsewhere, Oktoba 2024. Nyimbo mbili tu, The Stargate na The Message, kila moja imegawanywa vipande vitatu, jumla kama dakika 43 hivi. Ni deth metali ya nguvu kabisa, blasti biti na kunguruma kwa chini, afu bila kukuomba ruhusa inafunguka inakuwa kinanda cha anga za mbali kinachoelea, mtu wa Tangerine Dream, bendi ya Ujerumani ya vinanda vya umeme, yuko humo anapiga, na wamerekodi Berlin kwenye studio za Hansa ambako David Bowie alirekodi Heroes mwaka 1977. Ukiskiliza kipande kimoja tu cha dakika saba utadhani wamechanganyikiwa. Ukiskiliza yote unaona kila utulivu umewekwa ili uzito unaofuata uwe na maana, na kila uzito unakuandaa kwa utulivu. Zima taa, lala chali, usishike simu. Mimi kwa mwaka 2024 sikuskia albamu ya metali inayoizidi hii na nasema hivyo bila kupepesa macho.

Ukizimaliza hizo na bado una kiu ya nyimbo ndefu, rudi nyuma kidogo kwa Iron Maiden, Senjutsu ya 2021, zaidi ya dakika 80.

Metali ya huku kwetu na majirani

Sasa hapa nitakuwa mkali kidogo, mtu unaskiliza bendi za Uingereza na Marekani tu na wakati kijana wa Kenya ametoa moja ya albamu za ajabu kabisa. Martin Kanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndo ile sauti ya Duma, mwaka 2024 ametoa albamu yake mwenyewe The Adept kwenye lebo yake Haekalu Records, na ameitoa kwa heshima ya bibi mzaa babu zake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyekuwa field marshal wa Mau Mau, aliyefariki 2023. Ni nzito, imejaa mashine, trapu, makelele ya makusudi na koo ambalo sijui analilisha nini. Sio ya kuanzia, ila ukishafanya yale mazoezi ya dramu na gitaa njoo hapa, na ukiiskiliza ukimfikiria yule mama porini miaka ile, ukali wake unapata mahali pa kukaa.

Togo wapo Arka'n Asrafokor, Dzikkuh, Aprili 2024, wanaimba Kiewe, Kifaransa na Kiingereza, ngoma za jadi zimekaa sawa kwa sawa na magitaa, hazijawekwa kama pambo. Hii naweza kumpa mtu yeyote, hata asiyejua metali, kwa sababu ngoma zinamshika mkono. Botswana kuna Skinflint wa Gaborone wanaotumia hadithi na mizimu ya Kiafrika, kuna Overthrust wa Ghanzi, na mashabiki wa kule wanavaa ngozi nyeusi toka kofia mpaka buti kwenye jua la Kalahari. Madagaska kuna LohArano. Kwa Nairobi watafute Last Year's Tragedy na Seeds of Datura. Kuna hazina ya mtandaoni inaitwa Encyclopaedia Metallum, ipo tangu 2002, unaweza kutafuta bendi kwa nchi, weka Kenya au Uganda uone.

Kuhusu shetani

Hili litakuja, mama ataskia kutoka chumbani na atauliza. Jibu la kweli ni kwamba zipo bendi zinazotumia shetani kama maigizo ya jukwaani, na zipo za blaki metali, tawi jingine la huu muziki, hasa Norway ya miaka ya 90, ambako vijana walichoma makanisa kweli na hilo ni jambo baya lisilo na utetezi. Zipo pia bendi za Kikristo, na wapo Voice of Baceprot, mabinti watatu Waislamu wa Garut, Java, Indonesia, wanaopiga na hijabu zao, albamu yao Retas ya 2023 ni nzuri sana na mwaka 2024 wakapiga Glastonbury, tamasha kubwa la Uingereza, bendi ya kwanza ya Indonesia kufika pale. Kwa hiyo usijibu kwa ujumla, jibu kwa albamu. Soma maneno, ukikuta kitu kinagongana na imani yako iache, ziko nyingine mia. Na kama mama ana nafasi, mkalishe muangalie Voice of Baceprot pamoja.

Bando, sauti na pesa

Albamu ya dakika 45 ukiistrimu kwa ubora wa kati, kilobiti 160 kwa sekunde, inakula kama MB 54, kwa 320 ni kama MB 108. Kwa metali nakushauri usishuke chini ya 160, maana kwenye ubora wa chini matoazi na distosheni vinageuka maji maji na unaona muziki mbaya kumbe ni bando. Kama una kifurushi cha usiku au waifai mahali, pakua yote mapema. Usitumie video kama huangalii, inamaliza bando bure.

Spika ndogo ya blutuu haitoshi kwa mara ya kwanza, besi inamezwa na gitaa linabaki mzomeo. Hedfoni yoyote ya waya ya bei ya kawaida inashinda. Na sauti usipandishe mpaka mwisho, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndo kiwango salama kwa mtu mzima, ukifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima, na masikio yakiharibika hayarudi. Ukiona albamu inakuchosha baada ya nyimbo tatu hata ukipunguza, inawezekana imekandamizwa kwenye masta, ile hatua ya mwisho ya kuandaa sauti, mpaka kila kitu kina sauti moja, kesi maarufu ni Death Magnetic ya Metallica ya 2008, pumzika urudi kesho.

Albamu mpya duniani zinatoka Ijumaa, imekuwa hivyo tangu Julai 2015, kwa hiyo Ijumaa asubuhi ndo siku ya kuchungulia. Ukiipenda albamu ya bendi ndogo inunue Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kama unaweza, unaskiliza bure kwanza, na wao wanachukua asilimia 15 tu kwenye mauzo ya kidijitali, kuna Ijumaa maalum ambazo wanaiachia hata hiyo yote iende kwa msanii. Kadi ya mtandaoni ya kwenye M-Pesa inatosha kulipia. Anza na hawa wa karibu, The Adept na Dzikkuh, kwa bendi ya Lomé, Togo, au msanii wa Nairobi albamu moja iliyonunuliwa ina uzito ambao Metallica hawawezi hata kuuskia.